Turubai Likishashushwa

Tafakari ya juma. Masomo: 2 Samweli 18:24–19:8, Ayubu 2:11–13

Tarehe 27 Januari 1920, mjini Vienna, Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, alimwandikia barua mchungaji. Hilo peke yake linashangaza, maana Freud hakuamini kuwapo kwa Mungu na wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Lakini Oskar Pfister, mchungaji wa Kiprotestanti wa Zurich, alikuwa rafiki yake tangu mwaka 1909, na urafiki wao ulidumu hadi Freud alipofariki mwaka 1939. Walibishana juu ya dini bila kukosana. Freud alipotoa kitabu mwaka 1927 cha kueleza kwamba dini ni njozi, Pfister alimjibu mwaka uliofuata kwa makala ambayo kichwa chake kilikuwa kile kile cha Freud kilichopinduliwa. Natamani sisi watumishi tungejua kubishana hivyo kwenye vikao vyetu.

Barua ile ilikuwa ya msiba. Siku mbili kabla, Sophie, binti yake Freud, alikuwa amefariki Hamburg kwa homa ya mafua, ile iliyoanza kuizunguka dunia mwaka 1918 na kupita pia huku kwetu. Alikuwa na umri wa miaka 26, mjamzito, na aliacha watoto wawili wa kiume, mdogo akiwa na miezi kumi na mitatu. Austria ilikuwa imetoka kushindwa vitani na treni hazikuwapo. Mwili wa Sophie ulichomwa bila baba wala mama kuwapo. Freud akaendelea kupokea wagonjwa, akamweleza Pfister kwamba anafanya kazi kadiri awezavyo na anashukuru kuwa na kitu cha kumshughulisha.

Mtu huyu ndiye aliyekuwa amechapisha mwaka 1917 insha fupi juu ya maombolezo na sonona, ambayo hadi leo wanaosomea kuwasaidia wafiwa huanzia hapo. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kuomboleza ni kazi, na kazi hiyo hufanyika ndani ya nafsi, polepole, hata pale mtu anapoonekana amekaa tu.

Habari ya kifo akili huipokea siku moja. Mfiwa ameuona mwili mochwari, ametia saini kibali cha mazishi, ametupa udongo kaburini. Hana shaka. Lakini upendo umetapakaa katika mambo madogo yasiyohesabika, na kila moja linapaswa kupelekewa habari hiyo upya. Saa kumi na mbili jioni geti linagongwa: si yeye. Timu yake imefunga bao, mkono unakwenda kwenye simu: hakuna wa kumpigia. Umepima unga wa watu wanne, kumbe mko watatu. Kila kumbukumbu na kila tumaini, alisema Freud, hujitokeza, nafsi hulikumbatia kwa nguvu zote, kisha ukweli husema tena kwamba mpendwa hayupo, na uzi mmoja hulegea. Kisha mwingine. Wakati wote huo marehemu anaendelea kuishi ndani. Ndiyo maana mfiwa aliyeshinda kwenye kochi hulala hoi kama aliyetoka shambani, na anayemwuliza "mbona mpaka leo?" hajui anauliza nini.

Mjane mmoja wa usharika wetu aliniambia kwamba kila mara anaweka vocha ya shilingi 500 kwenye laini ya marehemu mumewe. Laini isipotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na yeye hataki siku moja apige akajibiwa na mgeni. Simu iko kabatini, imezimwa. Huiwasha, akatuma ujumbe mmoja kwenda kwenye simu yake mwenyewe, akaizima. "Mchungaji, huku si kuabudu wafu?" Nilimwambia hapana, nikamwuliza kuna nini ndani ya simu ile. Kulikuwa na sauti nyingi za WhatsApp, karibu zote za mume kuuliza jioni alete mboga gani. Watoto wake wakubwa wanaona mama anapoteza pesa. Nimewaomba wamwache. Siku atakapoacha kuweka vocha atakuwa amemaliza sehemu moja ya kazi yake, na siku hiyo hatumpangii sisi.

Melanie Klein, aliyefuata nyayo za Freud na kuishi London, alimpoteza mwanawe Hans katika ajali ya mlimani mwaka 1934. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1940 anaeleza habari za mama mmoja aliyemwita Bibi A, ambaye wasomaji wengi huamini ni Klein mwenyewe. Siku za kwanza baada ya kufiwa na mwanawe, Bibi A alianza kupanga barua nyumbani: za mwanawe akazihifadhi, nyingine akazitupa. Sisi tungesema mama huyu amejikaza, anafanya usafi. Klein aliona mtu anayehangaika kuokoa kilicho chema ndani yake kisipotee pamoja na marehemu. Maana, kwa mtazamo wake, kifo kimoja huwatikisa wote tuliokwisha kuwabeba moyoni tangu utotoni, mama na baba kwanza, na mfiwa hulazimika kuijenga upya nyumba nzima ya ndani. Hapo nimepata jibu la jambo ninaloliona mara nyingi: mtu ambaye hakudondosha chozi kwenye mazishi ya baba yake mwaka juzi anakuja kulia mpaka anaishiwa nguvu kwenye msiba wa jirani.

Ugumu wa siku hizi ni upi basi? Huko Ulaya wameueleza vizuri wao wenyewe. Geoffrey Gorer, mwanaanthropolojia wa Uingereza ambaye baba yake alizama na meli ya Lusitania mwaka 1915, alifiwa na mdogo wake mwaka 1961. Alipokataa mialiko ya tafrija akisema yuko kwenye maombolezo, watu walimwangalia kana kwamba ametamka tusi. Mwaka 1965 alitoa kitabu kuhusu maombolezo katika Uingereza ya wakati wake, na alichokiona ni watu waliobaki bila desturi yoyote ya kuwaongoza, wakilia faraghani kama watu wanaofanya jambo la aibu.

Huku kwetu mambo ni kinyume, na bado tunaweza kufika pale pale. Sisi tuna turubai, viti vya kukodi, moto wa kuni uani, wanawake wanaolala msibani na wanaume wanaokesha wakicheza drafti. Sidharau hata kimoja. Nimeona mama akiamka saa nane usiku anapiga kelele, na mikono sita ikamshika kabla hajafika mlangoni. Hicho ni kitu ambacho Gorer alikitafuta kwao asikione.

Lakini mjini, usiku ule ule wa kifo, kikao kinaanza. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Jeneza, gari la kupeleka mwili Moshi au Bukoba, chakula, maji ya chupa, vitenge vya sare, mpiga video, mshereheshaji. Mfiwa anaitwa pembeni kuulizwa rangi ya mashada. Anaitwa tena kuchagua picha ya kwenye fulana. Anapigiwa simu na watu ambao lazima awaeleze upya jinsi ilivyotokea, na kila mmoja anataka kuanzia mwanzo. Kundi la WhatsApp limefunguliwa, na ndani yake rambirambi zinaorodheshwa kwa majina na kiasi, orodha ikirefuka kila baada ya dakika chache. Siku tatu nne anakuwa mratibu wa shughuli kubwa kuliko harusi yake. Kisha turubai linashushwa, sufuria zinarudishwa kwa wenyewe, mweka hazina anasoma hesabu. Na pale kwenye simu, mfiwa akiwa peke yake kitandani, zinaanza kuingia taarifa moja baada ya nyingine: fulani ameondoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Hakuna aliyekosea. Kundi limemaliza kazi yake. Kazi ya mfiwa ndiyo kwanza inaanza, na wote walioweza kuishuhudia wameshaaga.

Jumatatu anatakiwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi wa Tanzania siku nne za likizo ya malipo anapofiwa na mwenza, mzazi au mtoto. Siku nne zinatosha kwenda kuzika na kurudi, kama barabara ni nzuri.

Hapa ndipo nawaomba mfungue 2 Samweli. Absalomu amempindua baba yake, amemfukuza Yerusalemu, amewaingilia masuria wa baba huyo hadharani, amekusanya jeshi ili amwue. Daudi anaagiza kijana asidhuriwe. Yoabu, jemadari, anamkuta ananing'inia mtini, anamchoma mikuki mitatu. Habari inapomfikia, mfalme anapanda chumba cha juu ya lango akilia jina la mwanawe, akitamani angekufa yeye badala yake. Askari walioshinda vita wanaingia mjini kwa kunyata kama waliokimbia. Ndipo Yoabu anaingia na kumkemea: umewaaibisha waliookoa maisha yako, umeonyesha kwamba unawapenda wanaokuchukia, toka ukaseme nao, la sivyo usiku hautaisha ukiwa na mtu. Daudi anainuka. Anakwenda kukaa langoni.

Yoabu hakusema uongo. Nchi ilikuwa inahitaji mfalme. Waajiri wengi na wenyeviti wengi wa kamati wangesema vivyo hivyo, na mara nyingi wangekuwa na haki. Lakini endeleeni kusoma, msiishie pale wahubiri wengi tunapoishia. Muda si muda Daudi anampa Amasa ujemadari mahali pa Yoabu, huyo Amasa aliyekuwa jemadari wa waasi wa Absalomu! Yoabu anamwua Amasa njiani. Na miaka mingi baadaye, katika 1 Wafalme 2, Daudi akiwa anakufa anamwagiza Sulemani asimwache Yoabu ashuke kaburini kwa amani, akitaja damu ya Amasa na ya Abneri, jemadari mwingine aliyeuawa na Yoabu zamani. Absalomu hamtaji. Biblia haituambii kwa nini. Mwanafunzi yeyote wa Freud angesimama hapo: kilio kilichokatizwa siku ile juu ya lango kimekaa ndani ya mzee huyu muda wote huo, na jina lenyewe haliwezi kutoka.

Na kwa nini kilio kile kilikuwa kikali hivyo? Rudini nyuma kidogo. Absalomu alipomwua Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, alikaa uhamishoni Geshuri miaka mitatu. Aliporudishwa akakaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa baba yake. Daudi alimpenda kijana huyu na alimkasirikia, vyote kwa pamoja, na hakuwahi kuyamaliza naye. Freud aliandika kwamba hapa ndipo maombolezo yanapoharibika na kugeuka sonona. Ukiwa ulimpenda tu marehemu, utaumia, lakini utajua unachoumia. Ukiwa ulimpenda na kumchukia, hasira haizikwi pamoja naye. Inakosa mtu wa kumwelekea, inakurudia mwenyewe. Mfiwa anaanza kujilaumu: mimi ndiye niliyemwua, sikustahili, sina maana. Ukisikiliza vizuri lawama hizo, alisema, nyingi hazimfai yeye anayezisema. Zinamfaa marehemu.

Sasa fikirini jinsi tunavyosoma historia ya marehemu. Alizaliwa, alisoma, alibatizwa, aliajiriwa, alikuwa baba mwema na mcheshi. Mwana wa kwanza amekaa mstari wa mbele na suti nyeusi, na mgongoni ana alama za mkanda wa baba huyo mcheshi. Upande wa nyuma, karibu na mlango, amesimama mwanamke mwenye mtoto anayefanana na mstari wote wa mbele, na katibu ameambiwa asilitaje jina lake. Tunasema marehemu hasemwi vibaya, na ni adabu nzuri kwa siku ya mazishi. Adabu hiyo ikiendelea mwaka mzima inakuwa kufuli. Kijana yule anahitaji mahali pa kusema kwamba baba alikuwa ananipiga na sasa ninamkosa, bila mtu kumziba mdomo kwenye neno la kwanza wala kushangilia kwenye la pili. Na mwanamke wa mlangoni amefiwa pia, hata kama sioni namna ya kulisema hilo kanisani bila ugomvi. Vivyo hivyo mama ambaye mimba imeharibika mwezi wa tano. Hakuna turubai lililowahi kufungwa kwa ajili yake.

Kuna watoto pia. Mjukuu mkubwa wa Freud, Ernst, ndiye yule ambaye babu alimwona akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu akicheza na kigurudumu cha mbao kilichofungwa uzi. Alikitupa nyuma ya pazia la kitanda chake akitoa sauti ya kusema kimekwenda, akakivuta tena akifurahi kwamba kimerudi. Freud aliona mtoto anajizoeza kuvumilia mama anapotoka. Kisha mama huyo, Sophie, akaenda asirudi, na babu akaandika kwamba mtoto hakuonyesha dalili yoyote ya huzuni. Helene Deutsch, mwanafunzi wa Freud, alieleza mwaka 1937 kwamba huzuni isiyoonekana haimaanishi huzuni haipo. Nafsi changa inaweza kushindwa kuubeba mzigo, ikauficha, ukajitokeza miaka mingi baadaye kwa sura nyingine. Ernst mwenyewe alipokua akawa mchanganuzi wa nafsi, na alijishughulisha sana na watoto njiti na mama zao.

Sisi watoto tunawapeleka kwa jirani wakaangalie katuni, tunawaambia baba amesafiri. Tunafanya kwa upendo. Lakini mtu aliyesafiri anarudi, na mtoto anajua hivyo, kwa hiyo anangoja. Nimekutana na kijana wa kidato cha nne ambaye bado alikuwa na hasira na baba yake kwa kutopiga simu.

Basi, maombolezo yanaisha lini? Insha ya mwaka 1917 inaelekea kusema yanaisha: nyuzi zote zikishalegezwa, nafsi inakuwa huru kupenda tena. Madaktari nao wameweka vipimo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka 2022, unaruhusu huzuni inayomlemaza mtu mzima zaidi ya miezi 12 ipewe jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeweka miezi sita. Sipingi. Wapo waliokwama kweli, wasiokula wala kuoga, na hao wapelekwe hospitali, wasipelekwe kwenye maombi peke yake. Ila naogopa vipimo hivyo vikifika mikononi mwa shemeji mwenye haraka ya kugawa mali.

Na Freud baba hakukubaliana na Freud mwandishi wa insha. Mwaka 1923 alimpoteza pia mtoto mdogo wa Sophie, Heinele, mwenye miaka minne, kwa kifua kikuu, na Ernest Jones aliyeandika maisha yake anasema hiyo ndiyo mara pekee Freud alijulikana kutoa machozi. Mwezi Aprili 1929 alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, daktari wa Uswisi aliyekuwa amefiwa na mwana. Alimweleza kwamba siku hiyo Sophie angetimiza miaka 36. Makali yatapungua, alimwambia, lakini hatutafarijika kabisa wala hatutapata wa kuziba pengo, na hata kikipatikana kitakacholijaza lote, bado kitakuwa kitu kingine. Akaongeza kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kuuendeleza upendo tusiotaka kuuacha.

Mimi naamini ufufuo, yeye hakuamini, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tumaini letu halikupewa kazi ya kuharakisha kilio. Yesu alijua atakachomfanyia Lazaro dakika chache zijazo, na bado alilia. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini. Kwa hiyo ule usemi wetu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, pamoja na yale maneno ya Ayubu tunayoyatamka kaburini, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, ningependa yatoke kinywani mwa mfiwa mwenyewe, siku atakapoyafikia. Ayubu aliyasema mwenyewe. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, kimya, na hadi hapo walifanya vizuri kabisa. Walianza kuharibu walipofungua midomo kueleza sababu.

Nina ombi kwa kamati zetu za misiba. Bajeti ipangeni mtakavyo. Hata mpiga video sina ugomvi naye. Ila katika kikao kile cha kwanza, pamoja na mweka hazina, chagueni watu wawili ambao zamu yao itaanza siku turubai linaposhushwa na kwenda mpaka arobaini, kisha mara moja kwa mwezi hadi mwaka uishe. Wasiende na mahubiri. Waombe waonyeshwe picha, waulize marehemu alipenda chakula gani, waketi na watoto pia. Mmoja wao asiwe mzee wa kanisa. Awe mtu aliyewahi kugombana na marehemu na kujua ubaya wake, ili mfiwa akitaka kusema kweli asilazimike kumtetea kwanza.